Kuingia bila Kuona Faili: Utambuzi wa Hitilafu za Miunganisho ya Mbali katika Seva ya FTP ya Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu pale ambapo seva ya kuhamishia faili iliyoko nyumbani inamhudumia vizuri aliye ndani ya nyumba lakini inamkatalia aliye mbali. Hoja inayojengwa ni kwamba mazungumzo ya itifaki ya FTP hukatika katika vituo vichache vinavyojulikana, na kwamba kituo yalipokatikia hutaja chanzo kwa uhakika zaidi kuliko maelezo ya kosa yanayooneshwa na programu. Mfano unaotumika ni wa mtafiti anayetunza rekodi za sauti za uwandani. Makala yanaonesha pia kwamba tiba inayokimbiliwa mara nyingi, yaani kufungua milango yote ya ruta, ama haisaidii kitu ama huanika data za watafitiwa.

1.0 Utangulizi

Ichukuliwe kwamba mtafiti wa fasihi simulizi ameacha nyumbani kwake Morogoro kompyuta ndogo yenye rekodi za mahojiano ya miaka mitatu, naye yuko Pemba kwa awamu ya mwisho ya ukusanyaji wa data. Anahitaji kusikiliza tena rekodi moja ya awali ili amuulize mtambaji swali lililosahaulika. Kabla ya kuondoka aliiweka kompyuta hiyo kuwa seva ya FTP, akaijaribu kwa kompyuta nyingine iliyokuwa sebuleni, nayo ikafanya kazi bila kusitasita. Akiwa Pemba anaingiza jina na nywila, seva inamkaribisha, kisha dirisha la faili linabaki tupu. Baada ya muda programu inamwambia kwamba muunganisho umeshindikana.

Rekodi anayoitafuta si faili dogo. Sauti iliyorekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24 na chaneli mbili hutumia baiti 288,000 kila sekunde, yaani takribani gigabaiti 1.04 kwa saa moja. Kila jaribio linalofika nusu na kukatika linakula kifurushi cha intaneti kilicholipiwa. Hata hivyo, gharama ya kifurushi si hasara kubwa kuliko zote. Hasara kubwa zaidi hutokea mtafiti anapochoka kubahatisha, akampigia simu ndugu aliyeko nyumbani na kumwagiza afungue kila kitu kwenye ruta. Sauti za watu waliokubali kurekodiwa kwa ahadi ya kutunziwa siri huachwa mbele ya intaneti nzima, na mara nyingi tatizo lenyewe hubaki palepale.

Kwa hiyo utambuzi wa chanzo cha hitilafu hauwezi kuachwa kwa mafundi peke yao. Ni sehemu ya wajibu wa anayetunza data. Nchini Tanzania wajibu huo una sura ya kisheria pia tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nchini Kenya tangu sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019.

Neno moja la istilahi linahitaji ufafanuzi kabla ya kuendelea. Namba inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta, mathalani 21 kwa FTP, inaitwa hapa mlango. Baadhi ya maandishi huiita bandari. Tafsiri hiyo inampeleka msomaji wa pwani mahali pasipostahili, kwa kuwa bandari ni mahali vyombo vinapotia nanga, ilhali kinachozungumziwa ni upenyo mmoja kati ya maelfu katika nyumba ileile, ambao ama una mtu anayesikiliza nyuma yake ama hauna.

2.0 Sanduku la Posta la Pamoja

Utaratibu wa kuhamisha faili ulielezwa kwa mara ya kwanza na Abhay Bhushan wa chuo cha MIT, Marekani, katika waraka wa RFC 114 wa Aprili 1971. Umbo lake linalotumika hadi sasa limo katika RFC 959 ya Oktoba 1985, iliyoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds. Katika miaka hiyo ilichukuliwa kwamba kila kompyuta iliyomo mtandaoni ina anwani yake yenyewe, na kwamba kompyuta yoyote inaweza kuiita nyingine moja kwa moja. Seva ya nyumbani ya leo haimo katika ulimwengu huo.

Anwani za toleo la nne la itifaki ya intaneti hazizidi bilioni 4.3. Mwaka 1994 waraka wa RFC 1631 ulipendekeza ubadilishaji anwani, unaojulikana kwa kifupi kama NAT, na mwaka 1996 RFC 1918 ikatenga makundi matatu ya anwani za ndani: zinazoanza na 10, zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizi zinaweza kutumiwa na kila nyumba duniani kwa sababu hazitoki nje ya nyumba.

Mpangilio huu haupaswi kuwa mgeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Shule yenye wanafunzi mia sita ina sanduku moja la posta. Mwanafunzi akituma barua, anayeipokea huona namba ya sanduku la shule, na jibu likirudi karani hukumbuka ni nani aliyekuwa anasubiri. Lakini barua inayofika bila kutarajiwa na bila jina la mwanafunzi hubaki ofisini. Ruta ya nyumbani ni karani huyo. Huruhusu majibu ya yale yaliyoanzia ndani, na hutupa linaloanzia nje, isipokuwa ameagizwa mapema kwamba lolote linalokuja kwa mlango 21 lipelekwe kwa kompyuta fulani. Agizo hilo ndilo linaloitwa kuelekeza mlango.

Mfano wa shule unaweza kusogezwa hatua moja zaidi, na hapo ndipo watafiti wengi hukwama bila kujua. Yapo masanduku yanayotumiwa na shule nyingi kwa pamoja. Mtoa huduma wa intaneti asiye na anwani za kutosha huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kwa kazi hiyo RFC 6598 ya Aprili 2012 ilitenga anwani za kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Katika mitandao ya simu jambo hili ni la kawaida. Uhaba nao si nadharia: AFRINIC, taasisi inayogawa anwani barani Afrika, iliingia katika awamu ya kumaliza akiba yake mwaka 2017. Mteja aliyewekwa nyuma ya sanduku la namna hii anaweza kumwagiza karani wa nyumbani kwake anavyotaka. Barua zinakwamia kwa karani wa juu, ambaye mteja hana mamlaka naye.

Ndiyo maana swali la kwanza halihusu FTP kabisa. Mtu aliyeko nyumbani afungue ukurasa wa usimamizi wa ruta na asome anwani iliyopewa upande wa nje. Kisha, kwa kutumia mtandao huohuo wa nyumbani, afungue tovuti yoyote inayomwambia mgeni anwani aliyoonekana nayo. Namba hizo mbili zikilingana, nyumba ina anwani yake ya hadharani. Zikitofautiana, na hasa ile ya kwenye ruta ikiwa ya makundi yaliyotajwa, kazi yote ya kuelekeza milango katika ruta hiyo ni bure mpaka suala hili litatuliwe. Wakati mwingine karani wa pili yumo humo humo nyumbani: kifaa cha mtoa huduma kimefungwa ukutani, na mwenye nyumba ameongeza ruta yake nyuma ya kile. Katika hali hiyo agizo linahitajika kwa wote wawili, au kifaa kimoja kiachishwe kazi ya ubadilishaji anwani.

3.0 Itifaki Yenye Njia Mbili

Kinachoitofautisha FTP na huduma nyingi zilizokuja baadaye ni kwamba haitumii njia moja. Ipo njia ya amri, ambayo mteja, yaani programu iliyo upande wa mtafiti, huifungua kwenda mlango 21 wa seva. Humo hupita jina, nywila, amri na majibu ya namba tatu. Kisha kila orodha ya faili na kila faili lenyewe husafiri katika njia ya pili, ya data, inayofunguliwa upya kila inapohitajika na kufungwa kazi inapokwisha. Orodha ya faili nayo huhesabiwa kuwa data. Jambo hili dogo ndilo linaloeleza dirisha tupu la mtafiti wa Pemba: ameingia kwa njia ya kwanza, na ya pili haikufunguka.

Nani anayeifungua njia ya pili? Katika utaratibu wa asili, mteja husema kwa amri ya PORT, «niite kwenye anwani hii na mlango huu», na seva ndiyo inayopiga, kwa kawaida ikitokea mlango 20. Mteja aliye nyuma ya ubadilishaji anwani hutaja anwani yake ya ndani, ambayo seva haiwezi kuifikia. Hata ikiifikia, wito unaoanzia nje huzuiwa. Utaratibu wa pili, wa amri ya PASV, hugeuza mambo: mteja huomba, seva hutaja anwani na mlango, na mteja ndiye anayepiga. Mwaka 1994 Steven Bellovin, katika RFC 1579, alipendekeza wateja watumie huu wa pili kwa sababu unapatana na kuta za ulinzi. Leo programu nyingi zimewekwa hivyo tangu mwanzo.

Pendekezo hilo lilimwokoa mteja na kuuhamishia mzigo upande wa seva. Kwa seva ya chuo yenye anwani ya hadharani mzigo huo ulikuwa mwepesi. Kwa seva iliyoko chini ya meza sebuleni ni mzito, kwa kuwa sasa seva ndiyo inayotakiwa kutaja anwani, nayo inaijua ile ya ndani tu.

Jibu la seva kwa PASV huanza na namba 227 na kufuatiwa na namba sita zilizotenganishwa kwa mkato. Ikiwa ni 192,168,1,20,195,88, nne za kwanza ni anwani 192.168.1.20. Mbili za mwisho ni mlango: ya tano huzidishwa kwa 256 na kujumlishwa na ya sita, yaani 195 mara 256 ni 49,920, ukiongeza 88 unapata 50,008. Seva inamwambia mtafiti aliyeko Pemba ampigie 192.168.1.20, anwani ambayo kule aliko ama haipo ama ni ya kifaa cha mtu mwingine. Ruta ilibadilisha anwani iliyoandikwa juu ya bahasha, kama ilivyopaswa. Anwani iliyoandikwa ndani ya barua ilibaki ya zamani. Waandishi wa RFC 1631 waliliona tatizo hili mapema, kwa maana waraka huohuo ulioeleza ubadilishaji anwani uliitaja FTP kuwa itifaki inayohitaji kushughulikiwa kwa namna ya pekee.

4.0 Kituo Mazungumzo Yalipokatikia

Programu nyingi za FTP zina sehemu inayoonesha mazungumzo mstari kwa mstari, na seva nayo huandika batli. Anayetafuta chanzo asome hivyo viwili kabla ya kugusa mpangilio wowote. Majaribio yafanyike kutoka nje kwelikweli, kwa mfano kwa data ya simu huku intaneti ya nyumbani imezimwa kwenye kifaa hicho. Jaribio la mtu aliye ndani anayeita anwani ya nje ya nyumba yake mwenyewe halithibitishi kitu. Ruta nyingine haziwezi kupeleka nje wito kisha kuurudisha ndani, na mtu hutumia siku nzima akitibu ugonjwa usiokuwepo.

Kituo cha kwanza ni kabla ya salamu. Ikiwa namba 220 haijaonekana, hitilafu haiko katika nywila wala katika njia ya data. Hapa inafaa kutofautisha kukataliwa na kunyamaziwa. Jibu la papo hapo kwamba muunganisho umekataliwa kwa kawaida humaanisha kuna kifaa kilichofikiwa ila hakuna programu inayosikiliza mlangoni. Pengine seva haikuwashwa upya baada ya umeme kukatika, au inasikiliza anwani ya ndani ya kompyuta yenyewe tu. Ukimya mrefu unaoishia kwa muda kuisha humaanisha maombi yanatupwa njiani: na ukuta wa ulinzi wa kompyuta, na ruta isiyo na agizo, na karani wa juu aliyeelezwa, au na mtoa huduma anayezuia milango fulani. Zaidi ya hayo, jina la kikoa linaweza kuwa bado linaelekeza kwenye anwani ya jana. Anwani za nyumbani hubadilika, na umeme unapokatika na kurudi ruta mara nyingi hupewa nyingine.

Kukatika kwa umeme kuna mtego wake wa pili, usioonekana kwa urahisi. Kompyuta ya seva nayo inaweza kupewa anwani mpya ya ndani, mathalani 192.168.1.23 badala ya 20. Agizo la ruta linaendelea kupeleka wageni kwa 20, ambayo sasa huenda ni simu ya mgeni au televisheni. Dawa yake ni kuitengea seva anwani ya kudumu ndani ya ruta. Hatua hiyo ni ya dakika mbili, lakini kuiruka kumevuruga seva nyingi za nyumbani.

Kituo cha pili ni baina ya 331, ambapo seva inaomba nywila, na 230, ambapo inakubali. Jibu la 530 linasema kuingia kumekataliwa. Mtandao wote hadi hapo ni mzima, na kushughulika na ruta ni kupoteza muda. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni akaunti, haki za folda, au sharti la seva kwamba nywila isipokewe bila usimbaji fiche.

Kituo cha tatu ndicho chenye utajiri wa visa. Mtu ameingia, 230 imeonekana, kisha mambo yanasimama kwenye 227 au mara baada yake. Kwanza isomwe anwani iliyomo ndani ya 227. Ikiwa ya ndani, seva haijaelezwa anwani yake ya hadharani. Katika vsftpd, kwa mfano, hilo hufanywa kwa mpangilio wa pasv_address. Ikiwa anwani ni ya hadharani na sahihi, uhesabiwe mlango na iulizwe kama ruta imeagizwa kuhusu mlango huo. Seva isiyowekewa mipaka huchagua mlango wowote kati ya maelfu, na hakuna anayeweza kuelekeza milango yote hiyo kwa usalama. Kwa hiyo seva hupewa safu finyu, tuseme 50,000 hadi 50,050, kwa mipangilio ya pasv_min_port na pasv_max_port, na safu hiyohiyo huelekezwa katika ruta na kuruhusiwa katika ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Mara nyingi viwili kati ya hivyo vitatu hufanyika na cha tatu kusahauliwa.

Ikiwa anwani ni ya hadharani lakini si ya leo, chanzo ni kwamba iliandikwa kwa namba. Jina la kikoa limefuata mabadiliko, kwa hiyo kuingia kunafanikiwa. Ndani ya 227 seva inaendelea kutaja nyumba iliyohama. Dalili zake zinafanana kabisa na zile za anwani ya ndani, na ni kusoma namba zenyewe tu kunakotofautisha. vsftpd inaruhusu kuandikwa jina badala ya namba kwa kuwasha pasv_addr_resolve, ila jina hilo hutafutwa seva inapoanza, hivyo ruta ikipewa anwani mpya seva nayo sharti iwashwe upya.

Kituo hiki cha tatu kina jambo jingine linalowagombanisha watu bila sababu. Mtafiti analalamika kwamba hawezi, mwenzake aliye mji mwingine anasema yeye anaweza, na wote wawili wanasema kweli. Baadhi ya programu, FileZilla ikiwa mojawapo, zikiona anwani ya ndani katika 227 huipuuza na kutumia ile zilizoanza nayo. Programu ya curl ilifanya hivyo kuwa desturi yake kuanzia toleo la 7.74.0 la Desemba 2020, kwa sababu ya usalama, kwani seva yenye nia mbaya ingeweza kumtuma mteja akagonge milango ya watu wengine. Programu isiyo na tabia hiyo hutii barua na kupotea. Seva iliyopangwa vibaya inaweza hivyo kuonekana nzima kwa miaka, mpaka siku anapokuja mtu mwenye programu tofauti.

Kituo cha nne huwapata wenye mafaili makubwa. Faili linashuka kwa muda mrefu katika njia ya data huku njia ya amri ikiwa kimya. Ruta huweka kumbukumbu ya kila mazungumzo na kuifuta ikiona kimya kimezidi. RFC 5382 ya mwaka 2008 inataka mazungumzo yaliyokwisha kukubaliwa yasifutwe kabla ya saa 2 na dakika 4, lakini vifaa vingi havina subira hiyo. Faili likimalizika, seva hutuma 226 kuthibitisha, na ujumbe huo haufiki. Programu inahesabu kazi kuwa imeshindikana na kuanza upya. Mtafiti ashangae pale faili linaposhindikana kwenye asilimia mia: huenda analo tayari. Alinganishe ukubwa wa faili, au bora alama yake ya uhakiki, kabla ya kulipia gigabaiti nyingine. Kwa rekodi ya saa moja iliyotajwa, ikiwa intaneti ya nyumbani inapakia kwa megabiti 2 kwa sekunde, safari inachukua takribani dakika 69. Kasi inayohesabika ni ile ya kupakia ya nyumbani, si ile ya kupakua ya Pemba, na vifurushi vingi vya nyumbani hutangazwa kwa ile nyingine.

5.0 Usimbaji Fiche na Ruta Isiyoweza Tena Kusoma

FTP ya asili hupitisha nywila wazi. Yeyote aliye katikati ya njia, kama vile mwenye mtandao wa nyumba ya wageni, anaweza kuisoma. Kwa hiyo mtafiti mwangalifu huwasha usimbaji fiche uliowekewa kanuni na RFC 4217 ya mwaka 2005, na papo hapo seva iliyokuwa ikifanya kazi huacha. Wengi huhitimisha kwamba usimbaji ndio wenye kasoro na kuuzima. Hitimisho hilo linahitaji kupingwa.

Kilichotokea ni hiki. Ruta nyingi zina msaidizi anayesoma njia ya amri, akiona 227 yenye anwani ya ndani huibadilisha iwe ya nje na kufungua mlango uliotajwa kwa muda. Karani amekuwa akifungua barua na kusahihisha yaliyomo kimyakimya, na mwenye seva hakujua kwamba mpangilio wake haukuwahi kuwa sahihi. Barua inapofungwa kwa lakiri karani hawezi kuisoma, na kasoro ya siku zote inajitokeza. Jambo hilohilo hutokea mtu anapohamisha seva kutoka mlango 21 kwenda mwingine kwa nia ya kuificha: msaidizi aliyewekwa kuangalia 21 hana habari na mlango mpya. Katika hali zote mbili tiba ni ileile ya kituo cha tatu, yaani seva ielezwe anwani yake na ipewe safu finyu ya milango. Usimbaji ubaki.

Tiba ya kufungua yote, inayopatikana katika ruta nyingi chini ya jina la DMZ, huielekezea kompyuta moja kila ombi lisilo na mwenyewe. Inaponya kituo cha tatu, na ndiyo siri ya umaarufu wake. Haiponyi anwani ya ndani iliyomo katika 227, haimfikii karani wa juu, haisahihishi 530. Inachofanya kwa hakika ni kuweka wazi kila huduma nyingine iliyomo katika kompyuta hiyo, pamoja na zile ambazo mwenye nyumba hakumbuki kama aliziwasha. Mashine zinazozunguka intaneti zikigonga milango hazipumziki, na batli ya seva yoyote iliyo wazi huanza kujaa majaribio ya nywila mapema mno.

6.0 Kuiacha Njia ya Pili

Baada ya vituo vyote kuelezwa, ni haki kuuliza kama kuna sababu ya kuendelea na FTP. Firefox iliiondoa katika toleo la 90 na Chrome katika toleo la 95, yote mawili ya mwaka 2021. SFTP, licha ya jina linalofanana, ni itifaki tofauti inayopita ndani ya SSH, ambayo Tatu Ylönen aliianzisha Finland mwaka 1995 baada ya nywila kuibwa katika mtandao wa chuo chake. Ina mlango mmoja, 22. Haina 227, haina anwani ndani ya barua, haina safu ya milango. Kituo cha tatu kinatoweka chote. Kwa mtafiti anayeanza leo, uchaguzi huu hauhitaji mjadala mrefu, hasa akitumia funguo badala ya nywila. FTP ibaki pale tu ambapo kifaa cha zamani, kama vile kinasasauti au diski ya mtandaoni, hakijui kingine.

SFTP hata hivyo haitatui tatizo la sanduku la pamoja. Nyumba isiyo na anwani ya hadharani haiitiki kwa itifaki yoyote. Mtoa huduma anaweza kuombwa anwani ya hadharani, na baadhi huitoa kwa malipo. Palipo na toleo la sita la itifaki ya intaneti katika ncha zote mbili, kompyuta ya nyumbani inaweza kuwa na anwani yake, mradi ukuta wa ulinzi uruhusu mlango unaohusika. Njia ya tatu hugeuza mwelekeo wa wito: kwa kuwa karani huruhusu yanayoanzia ndani, kompyuta ya nyumbani yenyewe ipige kwenda seva ya kukodi, au ya chuo kikiridhia, yenye anwani ya hadharani, na iache njia hiyo wazi. Mtafiti huingia kupitia hapo. Hilo linawezekana kwa SSH kwa kugeuza mlango, au kwa WireGuard, iliyoingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2020. Hakuna mlango hata mmoja unaofunguliwa katika ruta ya nyumbani, na kwa data zenye sauti za watu hilo peke yake linatosha kuipa njia hii kipaumbele hata kwa mwenye anwani ya hadharani.

Sharti lake ni kwamba wito huo ujirudie wenyewe. Njia iliyofunguliwa kwa mkono hufa pamoja na umeme, hivyo huduma iwekwe ianze kompyuta inapowaka na ijaribu tena kila inapokatika. Kompyuta nayo iwekwe, katika mipangilio yake ya awali kabisa, iwake yenyewe umeme unaporudi. Jaribio la kweli hufanywa kabla ya safari, kwa kuchomoa waya wa umeme wa ruta na wa seva kwa pamoja, kusubiri, kuchomeka tena bila kugusa kitufe chochote, kisha kutoka nje ya nyumba na simu yenye data na kuomba faili moja lenye ukubwa wa kutosha kuvuka nusu saa.